Kuutunza mradi tanzu wa Koha Tanga: namna tulivyopunguza umbali na mradi mama

Mfumo wa maktaba ninaoutunza katika chuo kimoja hapa Tanga ni Koha, lakini Koha niliyokabidhiwa haikuwa ile anayoipata mtu akiipakua kwa wenyewe. Ilikuwa nakala iliyochukuliwa miaka ya nyuma, ikarekebishwa hapa na pale ili iwafae wasomaji wetu, kisha ikaendelea kuishi peke yake bila kuwasiliana tena na mradi ilikotoka. Nakala ya namna hiyo nitaiita mradi tanzu, na ule ilikotoka nitauita mradi mama. Kuanzisha mradi tanzu ni kazi ya mchana mmoja, na GPL, leseni ya programu huria ambayo Koha inaitumia, inakuruhusu waziwazi. Mzigo uko kwenye kuutunza, kwa kuwa mradi mama haukai ukakungoja. Koha ilitengenezwa New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za wilaya ya Horowhenua, ambazo zilihofia kwamba mfumo wao wa zamani usingeuvuka mwaka 2000, na kwa miaka mingi sasa imekuwa ikitoa toleo kubwa kila Mei na kila Novemba. Kila toleo linalopita bila wewe kulifuata linaongeza umbali kati yako na wenyewe. Umbali huo ndio niliojifunza kuupima kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ndani yake ndimo yanamojificha matatizo ya usalama ambayo wengine walikwisha kuyarekebisha na wewe bado unayo.

Jambo la kwanza nililolikuta ni kwamba mradi wetu haukuwa na historia. Aliyenitangulia aliupakua ukiwa umefungwa kwenye faili moja la tar, akaufungua, akaanza kuufanyia kazi, na alipoamua baadaye kutumia Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, aliuingiza wote kwa mkupuo, kana kwamba ulizaliwa siku hiyo. Simlaumu, maana hazina nzima ya Koha, yaani ghala la mafaili yake, pamoja na historia yake ni nzito hata leo, na mimi mwenyewe niliishusha kwa bando la usiku. Lakini athari yake ni kubwa. Git inapounganisha matawi mawili, yaani njia mbili za kazi zilizoachana, hailinganishi pande mbili tu. Inamtafuta babu wao wa pamoja, yaani hali ya mwisho ambayo pande zote zilikuwa kitu kimoja, kisha inaangalia kila upande umebadilisha nini tangu hapo. Mstari uliobadilishwa upande mmoja huchukuliwa bila maswali, na uliobadilishwa pande zote mbili kwa namna tofauti ndio unaozaa mgongano. Pasipo babu wa pamoja hesabu hiyo haiwezekani, na tangu toleo la 2.9 la mwaka 2016 Git hukataa kabisa kuunganisha historia zisizo na undugu mpaka uilazimishe. Ukiilazimisha, kila faili lenye tofauti linageuka mgongano, hata lile ambalo kwenu halikuguswa na mtu.

Kwa hiyo kabla ya kuunganisha chochote ilinibidi nimtafute babu. Koha huandika namba ya toleo lake ndani ya faili la Koha.pm, na namba hiyo ilinipa pa kuanzia, ila sikuitegemea peke yake. Niliandika skripti fupi iliyopita kwenye lebo za matoleo ya mradi mama, yaani alama zinazowekwa kwenye historia kila toleo linapotoka, moja baada ya nyingine, ikilinganisha kila moja na mafaili yetu na kuchapa idadi ya mistari iliyotofautiana. Idadi ilikuwa ikishuka kadiri skripti ilivyosogea mbele, ikafika chini kabisa kwenye lebo moja, kisha ikaanza kupanda tena. Lebo hiyo ndiyo iliyokuwa babu. Haikuwa ile iliyoandikwa kwenye Koha.pm, bali ya toleo dogo lililofuata, jambo lililoonyesha kwamba marekebisho yalinakiliwa kwa mkono na faili la namba likaachwa kama lilivyo. Nilifungua tawi jipya kutoka kwenye lebo hiyo, nikaweka mafaili yetu juu yake kama badiliko moja kubwa, na kuanzia hapo Git ikaweza kufanya kazi yake. Yeyote aliyerithi mradi wa aina hii aanze hapa. Kutatua migongano kabla ya kumpata babu ni kujichosha bure.

Badiliko lile moja lilikuwa na maelfu ya mistari, na kwa jinsi lilivyokaa halikumweleza mtu chochote. Sehemu kubwa yake haikuwa kazi ya mtu: kihariri cha kompyuta mojawapo kiligeuza tabo kuwa nafasi, na miisho ya mistari ya Windows iliingia kwenye mafaili yaliyoandikwa kwa Linux. Git inaweza kuambiwa ipuuze nafasi tupu inapolinganisha, na baada ya kuiambia hivyo lundo lilipungua sana. Yaliyobaki niliyagawa kwa sababu zake, wala si kwa mafaili yake, maana sababu moja iligusa mafaili mengi na faili moja lilibeba sababu tatu zisizohusiana. Git huruhusu kuchagua vipande ndani ya faili kimoja kimoja, hivyo nilivitenga taratibu, na kila sababu ikapata badiliko lake lenye maelezo ya mambo matatu: nani aliliomba, linatatua shida gani, na kitu gani kikitokea tutaweza kuliondoa. Hilo la tatu ndilo ninalolithamini zaidi, kwa sababu kiraka (ndivyo tuitavyo badiliko letu la namna hii) kisichoandikiwa namna ya kuondoka hukaa milele, hata shida yake ikiwa imekwisha.

Msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ulinieleza kilichobadilishwa, lakini sababu niliipata kwa kuketi na wakutubi. Mkutubi wetu mkuu ni mama aliyeianza kazi hiyo tangu enzi za kadi za katalogi kwenye madroo, na ndiye kumbukumbu halisi ya mradi huu. Nilimpelekea karatasi nilizochapa, kila moja ikiwa na badiliko moja lililoelezwa kwa Kiswahili cha kawaida, tukazipitia mezani pake. Tulipofika kwenye kipande kilichokuwa ndani ya C4/Circulation.pm, faili linalosimamia uazimaji na urudishaji wa vitabu, nikamuuliza.

“Mama, hapa mfumo unasoma orodha ya tarehe kutoka kwenye faili la pembeni, halafu unafuta faini za siku hizo. Hii iliwekwa kwa ajili gani?”

“Hiyo ni ya Idi, mwanangu. Mwezi ukiandama usiku, sisi tumeshafunga, na hao wenye vitabu walikuwa warudishe kesho yake. Wakija siku ya kufungua wanakuta faini, ugomvi unaanza. Yule kijana alitutengenezea hiyo, tukapumua.”

“Na siku za Idi mnaziingiza kwenye kalenda ya mfumo?”

“Kalenda ipi tena, baba?”

Koha ina kalenda ya sikukuu kwa kila maktaba, na ina mpangilio unaoitwa finesCalendar ambao unaweza kuelekezwa kwamba siku ambazo maktaba imefungwa zisihesabiwe kwenye faini. Tulilijaribu jambo hilo pamoja kwenye nakala ya majaribio: tukaazimisha kitabu, tukaingiza sikukuu kwenye kalenda, tukasogeza saa ya kompyuta mbele, tukakirudisha. Faini haikutozwa kwa siku ya Idi. Mama akaniomba nimwandikie hatua zake kwenye karatasi ngumu, akaibandika pembeni ya meza yake, na kipande chote kikaondolewa kwenye msimbo. Uamuzi huo ulikuwa na uzito kuliko ukubwa wa kipande chenyewe, kwa kuwa C4/Circulation.pm ni miongoni mwa mafaili ambayo mradi mama unayagusa mara kwa mara, na mistari yetu michache mle ndani ilikuwa lazima igongane na kazi ya wenyewe toleo baada ya toleo. Shida ya kweli ya wasomaji ilipata jibu la kudumu kupitia mafunzo ya nusu saa, na hakuna ustadi wowote wa Git ungelifikia jibu hilo.

Tangu siku hiyo kila badiliko naliangalia kwa swali moja: je, mradi mama umeacha mlango wa jambo hili, ili tulifanye bila kuugusa msimbo wake? Mara nyingi mlango upo. Ujumbe mfupi wa kuwakumbusha wasomaji ulikuwa ukitumwa kwa mistari iliyochomekwa ndani ya sehemu ya barua ya Koha. Ilhali Koha hutumia SMS::Send, mkusanyo wa msimbo ulioandikwa kwa Perl, lugha ya programu iliyoandikiwa Koha yenyewe, ambao unakubali kiendeshi kidogo, yaani kipande cha kuunganishia, cha kampuni yoyote ya simu, na jina la kiendeshi hicho huandikwa kwenye mpangilio wa SMSSendDriver. Tuliandika kiendeshi chetu kikawa faili la pekee, nje kabisa ya Koha. Maneno ya Kiswahili yalikuwa yameandikwa moja kwa moja ndani ya violezo vya kurasa, na hapo ndipo migongano ilipokuwa mingi kuliko penginepo, maana hakuna toleo lisilogusa violezo. Tuliyahamishia kwenye mafaili ya PO, ambako Koha inahifadhi tafsiri zake. Rangi na nembo ya chuo vilihamia kwenye mipangilio inayokaa ndani ya hifadhidata. Mtaa na kata anakoishi mwanachama, ambavyo vilikuwa vimeongezwa kama safuwima mpya kwenye jedwali la borrowers, vilihamia kwenye sifa za ziada za mwanachama, ambazo zimewekwa makusudi kwa ajili ya mambo ambayo kila maktaba inayo kivyake.

Safuwima hizo mbili, hata hivyo, ziliacha tatizo ambalo Git isingeweza kulionyesha, na ningependa kulieleza kwa kirefu kwa sababu wengi wanaotunza mradi tanzu wenye hifadhidata watakutana nalo. Koha huandika ndani ya hifadhidata namba ya toleo ambalo muundo wake umefikia, na kila hatua ya kubadilisha muundo ina namba yake. Mfumo unapoboreshwa, hatua ambayo namba yake haizidi ile iliyoandikwa huhesabiwa kuwa imekwisha fanyika, ikarukwa. Sasa, safuwima zetu ziliongezwa kwa hatua iliyopewa namba inayofuata katika mfululizo wa mradi mama, na mradi mama nao, bila kutujua, ukaja kuitumia namba ile ile kwa kazi yake nyingine. Mafaili yalipounganishwa baadaye, msimbo wote wa mradi mama uliingia vizuri, lakini hifadhidata yetu iliamini kwamba hatua ile ilikwisha pita. Dalili ilionekana mbali na chanzo: ukurasa mmoja wa ripoti ulikuwa ukianguka kwa ujumbe kwamba safuwima fulani haipo, ilhali msimbo wake ulifanana herufi kwa herufi na wa wenyewe.

Njia tuliyotumia kuutafuta ukweli ni rahisi na naipendekeza kwa kila mtu. Tulisimika Koha safi ya toleo lile lile kwenye kompyuta nyingine, tukatoa muundo wa majedwali yake bila data, tukatoa na wa kwetu, tukaulinganisha mmoja na mwingine. Tofauti zilikuwa za aina mbili: vitu tulivyoviongeza sisi, na hatua za mradi mama zilizorukwa. Zilizorukwa tulizitekeleza moja moja, kwanza kwenye nakala, kisha kwenye seva yenyewe. Siku hizi hatuchukui namba yoyote kutoka kwenye mfululizo wa mradi mama. Kikiwapo kitu cha kwetu kinachohitaji jedwali, linakuwa jedwali la peke yake lenye jina linaloanza na kiambishi chetu, na kumbukumbu ya hatua zake inatunzwa mahali pake.

Tofauti nyingine kati ya msimbo na hifadhidata ni kwamba tawi unaweza kulirudia, lakini muundo wa majedwali ukishabadilishwa haurudi kwa kubadilisha tawi. MariaDB, programu inayoendesha hifadhidata yetu, hairudishi nyuma badiliko la jedwali kama inavyorudisha muamala wa kawaida, na kwetu, ambako umeme unaweza kukatika wakati wowote, hatua iliyokatizwa katikati ni hatari ya kweli. Kwa sababu hiyo hatuboreshi chochote kabla ya kuchukua nakala kamili ya hifadhidata, kuihamisha kwenye mashine nyingine na kuijaribu kwamba inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa siihesabu kuwa nakala.

Baada ya kusafisha hivyo, viraka tulivyobaki navyo vinahesabika kwa vidole, na matawi yenyewe yakawa mepesi kuyasimamia. Lipo tawi linaloakisi mradi mama, ambalo hakuna mtu wetu anayeruhusiwa kuandika ndani yake. Kila sababu ina tawi lake, lililopewa jina la sababu hiyo, wala halipewi jina la mtu aliyeliandika wala tarehe. Kisha lipo tawi la huduma, ambalo ndilo linalokaa kwenye seva na lina namba ya toleo ndani ya jina lake. Toleo jipya likitoka, simwagi toleo hilo ndani ya tawi la huduma la zamani. Naanzisha tawi la huduma jipya kutoka kwenye lebo ya mradi mama, halafu naweka viraka vyetu juu yake kimoja kimoja, nikijaribu kila kimoja kabla ya kinachofuata. La zamani linabaki kama lilivyo, ili tukihitaji kujua mwaka jana seva ilikuwa na nini, tujue.

Wapo wenzangu wanaopendelea kuunganisha mradi mama moja kwa moja ndani ya tawi moja refu, na kwa timu kubwa nakubaliana nao. Ukipandikiza viraka upya, kila badiliko linapata utambulisho mpya, na aliyekuwa amejenga kazi yake juu ya utambulisho wa zamani anabaki akining'inia. Kwenye mradi wenye watu kumi jambo hilo halivumiliki. Lakini kwa ofisi yenye fundi mmoja au wawili na viraka vichache, kupandikiza kuna faida ambayo nimeizoea kiasi kwamba nisingependa kuiacha: tofauti zetu zote zinakaa juu kabisa, pamoja, na mtu anaweza kuzisoma zote kabla chai haijapoa. Katika tawi refu la kuunganisha, tofauti hizo huzama kati ya maelfu ya mabadiliko ya wenyewe. Kwa njia yoyote utakayoichagua, usiunganishe kutoka hali ya mradi mama ya siku yoyote ile ilimradi ipo. Nyaraka za Linux zinazowalenga wasimamizi wa matawi huonya dhidi ya kuvuta kutoka mahali pasipo na mpangilio na hushauri kuchagua kituo kinachojulikana, na kwa Koha kituo hicho ni lebo ya toleo.

Migongano ya maandishi yenyewe haiogopeshi ukiwa na babu mbele ya macho. Kwa kawaida Git hukuonyesha upande wako na upande wao tu, lakini inaweza kuwekwa ionyeshe na maandishi ya babu katikati. Tangu toleo la 2.35 la mwaka 2022 ipo namna iitwayo zdiff3 inayoonyesha hivyo huku ikiondoa mistari ambayo pande zote zimekubaliana. Nilimfundishia jambo hili kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo, kwa mgongano uliohusu risiti. Upande wetu ulikuwa na mstari unaochapa shilingi bila senti. Upande wao mstari huo haukuwepo kabisa, na kijana akataka kukubali upande wao kwa kuwa ndio wenye mradi. Nikamwambia atazame katikati. Mstari wa babu ulikuwa pale, wenye senti mbili, na kwa kuufuata kwenye historia ya mradi mama tuliona kwamba haukufutwa. Ulihamishiwa kwenye kitendaji kingine, yaani kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina kifanye kazi moja, chenye kazi ya kupanga sura ya fedha. Wenyewe hawakuwa wamepinga alichokifanya fundi wetu, walikuwa wamehamisha nyumba ya mstari tu, na kazi yetu ikawa kuufuata huko huko ulikohamia. Git pia ina uwezo uitwao rerere, unaokumbuka jinsi ulivyotatua mgongano na kulirudia jibu hilo mgongano ule ule ukitokea tena. Ni msaada mkubwa kwa anayepandikiza viraka kila toleo, ila inakumbuka jibu baya sawasawa na jibu zuri, na kumbukumbu yake inakaa kwenye kompyuta moja bila kusafiri na hazina, kwa hiyo matokeo yake lazima yasomwe kwa macho kabla ya kukubaliwa.

Mgongano ninaouhofia ni ule usioonekana. Kwa miaka kadhaa Koha imekuwa ikihamisha kazi kutoka sehemu zake za zamani zilizo chini ya C4 kwenda kwenye muundo mpya ulio chini ya saraka ya Koha, na katika safari hiyo vitendaji hubadilisha namna vinavyopokea vitu. Kitendaji kilichokuwa kikipewa namba ya mwanachama kinaweza kuanza kudai kumbukumbu nzima ya mwanachama. Mradi mama hurekebisha kila mahali unapokiita kitendaji hicho, isipokuwa mahali pa kwetu, ambapo haupajui. Git haioni mgongano wowote hapo, kwa sababu mstari wetu haukuguswa na mtu, na Perl nayo haitalalamika mpaka siku msomaji atakapobonyeza kitufe kinachoufikia mstari huo. Dawa pekee ninayoiamini ni jaribio. Kila kiraka chetu sasa kina jaribio lake dogo linalokitekeleza hasa, na majaribio hayo yanaendeshwa pamoja na yale ambayo Koha inakuja nayo. Baada ya hapo wakutubi wanakaa na nakala ya majaribio siku nzima na kufanya kazi zao za kawaida, kwa sababu wanabonyeza mahali ambapo mimi nisingefikiria kubonyeza. Nakala hiyo tunaiondolea majina na namba za simu za wanachama kabla haijatoka kwenye seva. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatutaka tulinde taarifa hizo, na hata isingekuwapo, msomaji alitupa namba yake akumbushwe kurudisha kitabu, hakutupa ya kufanyia majaribio.

Kuna kiraka kimoja ambacho sikutaka kukiondoa wala kukihamisha, nacho kinahusu ritifaa. Wasomaji wakitafuta kitabu chenye neno kama ng'ombe au ng'ambo, wengine huandika ritifaa iliyonyooka ya kibodi, wengine simu zao huweka iliyopinda, na katalogi yetu ilikuwa na zote mbili kwa sababu iliandikwa na watu tofauti kwa miaka mingi. Fundi aliyetangulia alilirekebisha faili la Zebra, injini ya utafutaji ya Koha, linaloeleza kila herufi ishughulikiweje, ili ritifaa zote zihesabiwe kuwa moja. Hilo halikuwa jambo la Tanga peke yake. Linamhusu msomaji wa Mombasa na wa Zanzibar sawasawa na wa Ngamiani hapa Tanga. Nililipeleka kwa mradi mama. Utaratibu wao unataka badiliko liwe na namba kwenye orodha yao ya hitilafu, mtu mwingine alijaribu na kutia saini, kisha timu ya ubora ilipitie kabla msimamizi wa toleo hajaliingiza. Niliombwa kuandika jaribio na kueleza mfano kwa hatua ambazo mtu asiyejua Kiswahili angeweza kuzirudia, na maswali waliyouliza yalikifanya kiraka kiwe kizuri kuliko kilivyotoka kwetu.

Maswali hayo ndiyo kinga ambayo kiraka cha ndani hakina. Mwaka 2006 watunzaji wa Debian, mfumo wa kompyuta wa familia ya Linux, waliondoa mistari michache kwenye nakala yao ya OpenSSL, programu ya kufunga mawasiliano kwa siri, ili kunyamazisha onyo la zana ya ukaguzi, na badiliko hilo likabaki kwenye nakala yao bila kuingia kwenye mradi mama. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikikusanya namba zisizotabirika za kutengenezea funguo za siri. Ilipogundulika mwaka 2008, ilionekana kwamba kilichobaki kutofautisha funguo kilikuwa namba ya mchakato wa kompyuta, hivyo kwa kila aina ya mashine na ukubwa wa ufunguo kulikuwa na funguo zisizozidi 32,768, idadi ambayo mtu anaweza kuzijaribu zote kwa muda mfupi. Waliofanya kazi hiyo walikuwa mafundi hodari, na waliuliza kabla ya kuigusa. Badiliko dogo lililokaa upande mmoja liliwafikia watumiaji wengi duniani kabla ya kufikia macho ambayo yangelielewa.

Hivi karibuni fundi wa maktaba moja ya Muheza alikuja kuniomba nimpe “Koha ya Tanga”, kwa kuwa alisikia ina Kiswahili na inatuma ujumbe kwa wasomaji. Nilimkatalia nakala yetu, nikamweleza sababu kwa kirefu. Nilimpa diski yenye hazina ya mradi mama pamoja na historia yake yote ili asipoteze bando, kiendeshi chetu cha ujumbe mfupi, mafaili ya tafsiri, na tawi la ritifaa ambalo bado linasubiri saini ya mtu mwingine asiye mimi kwa wenyewe. Nikamwomba alijaribu kwenye katalogi yake, na kama linafanya kazi, aitie yeye saini hiyo.